Lindy na Kiapo cha Bendera

Nyumbani kwa Joleen Vondra, kila asubuhi huanza kwa kutafuta kitu. Leo ni glavu. Kesho ni daftari. Keshokutwa ni ufunguo wa gari. Na Novemba ikishaingia Nebraska, upepo wa huko hauna mzaha hata kidogo. Mtoto asiye na glavu hatoki mlangoni.

"Lindy! Basi la shule limeshafika kwenye kona!"

"Nimepata moja, mama!"

"Na mkono wa pili? Utauacha nyumbani?"

Lindy alikuwa na miaka kumi. Alisoma darasa la tano. Alikuwa mtoto wa maswali mengi, na akiuliza jambo haondoki mpaka ajibiwe. Baba yake, Craig, alikuwa haonekani siku hizo. Yalikuwa mavuno ya mahindi, na mwenye mashine ya kuvunia husahau hata rangi ya mlango wake. Mezani alibaki babu yake, mzee Milo, baba yake Craig, na kahawa yake nyeusi na andazi lake la jamu.

"Mwache mtoto, Joleen," mzee alisema. "Mimi nilikuwa nakwenda shule kwa miguu, kwenye theluji."

"Najua, baba. Kwenda unapanda mlima, na kurudi unapanda mlima."

Mzee akacheka mpaka akapaliwa. Lindy akaipata glavu ya pili ndani ya kiatu cha babu. Akatoka mbio. Joleen naye akawasha gari akaenda kazini.

Alifanya kazi kwenye ghala kubwa la nafaka. Lori la mahindi likija, hupanda juu ya mizani. Joleen hulipima, huandika uzito, na hulipungia mkono lipite. Siku hiyo ya Jumanne foleni ilikuwa ndefu. Saa nne simu ikalia. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule, Bwana Stroud.

"Bi. Vondra, samahani kukusumbua. Lindy ameharibu kiapo."

"Ameharibu nini?"

"Kiapo cha bendera. Shule nzima imesikia."

Joleen alikijua kiapo hicho tangu utotoni. Nani asiyekijua? Kila asubuhi, kabla ya masomo, watoto husimama. Hugeukia bendera, huweka mkono wa kulia kifuani, na huapa utii kwa bendera na kwa nchi. Kwenye shule ya Lindy, kila wiki darasa moja hutoa watoto wa kuongoza kiapo kwa kipaza sauti kutoka ofisini. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya darasa la tano. Jumanne ilikuwa zamu ya Lindy.

"Alianza vizuri kabisa," Bwana Stroud aliendelea. "Akafika pale penye 'taifa moja, chini ya Mungu.' Hapo akaruka. Hakusema 'chini ya Mungu.' Akapita tu. Basi wengine wakamfuata, wengine wakabaki nyuma. Madarasa yote yakachanganyikiwa. Wakamaliza kila mtu na lake, na vicheko juu."

"Atakuwa alisahau, mwalimu."

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia, 'Hapana, sikusahau.' Kwa adabu kabisa."

Joleen aliona uso unamwaka moto. Dereva wa lori alikuwa dirishani na masikio yote mawili ndani.

"Sasa sikiliza," alisema Bwana Stroud. "Ijumaa ni Siku ya Wanajeshi Wastaafu. Wazee watakuja shuleni kama kila mwaka, pamoja na mzee Milo wenu. Ijumaa Lindy ataongoza kiapo tena mbele yao, na atakisema chote. Mpaka akisome chote mbele yangu, hatatoka nje wakati wa mapumziko. Tunaelewana?"

"Tunaelewana," Joleen alisema.

Jioni alimweka Lindy kwenye kiti cha jikoni. Mzee Milo alikuwa amejificha nyuma ya gazeti.

"Haya, nieleze. Umefanya nini leo?"

"Nimeacha maneno ambayo sijui kama ni ya kweli," Lindy alisema.

"Maneno unayasema tangu chekechea!"

"Nilikuwa nayasema tu, mama. Kama wimbo wa tangazo la sabuni. Halafu mwezi uliopita, kwenye chakula cha wanajeshi wastaafu, nilimsikia babu. Yeye alimaliza kiapo kabla ya watu wote. Nikamuuliza kwa nini."

Joleen akageuka. "Baba! Umemfundisha nini huyu mtoto?"

Gazeti likashuka taratibu. "Sijamfundisha kitu. Kaniuliza, nikamjibu. Mtoto akiuliza, nimdanganye?"

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia ukweli. Nilipoanza shule, maneno hayo hayakuwemo. Tulikuwa watoto kumi na sita, darasa moja, mwalimu mmoja, na kadi ya kiapo ukutani. Nilipokuwa na miaka kumi, wakubwa wa Washington wakayaongeza. Lakini mwalimu wetu hakubadilisha kadi. Alisema hana muda, ana jiko la kuwasha. Basi mimi nikabaki na kile cha zamani. Nimekwenda nacho Vietnam na nimerudi nacho. Kipya sijawahi kukijifunza."

"Kwa hiyo yaliongezwa na watu," Lindy alisema. "Na mimi sijui kama Mungu yupo, mama. Bado nafikiri. Kiapo si ni kiapo? Unaapaje kwa kitu ambacho bado unakifikiria?"

Joleen alivuta kiti akakaa. Moyo ulimuuma, wala hakuna haja ya kuficha. Alikuwa mtu wa kanisa. Alimwombea mtoto huyu tangu akiwa tumboni. Leo mtoto huyohuyo anamwambia bado anafikiri! Tena aliona aibu. Mji wao ulikuwa na watu mia tisa. Habari ya saa nne asubuhi huwa imezeeka ifikapo saa tano.

"Sikiliza," alisema mwishowe. "Ni maneno machache tu. Kama hutaki kuyasema, chezesha midomo. Nani atajua?"

"Huo si uongo?"

"Lindy, ni maneno machache tu!"

"Kama ni machache tu, mbona Bwana Stroud amekasirika hivyo?"

Mzee Milo alirudi haraka nyuma ya gazeti. Joleen aliinuka. Akamtuma Lindy akaoge.

Jumatano Lindy alifanya kama mama yake alivyomwambia. Wakati wa mapumziko alipelekwa ofisini. Nje wenzake walikuwa wanacheza mpira. Bwana Stroud aliweka kadi ya kiapo mezani. Lindy akasoma. Alipofika pale, akachezesha midomo bila sauti.

"Sijasikia," alisema Bwana Stroud. "Tena."

Akasoma tena. "Sijasikia, Lindy." Akasoma mara ya tatu. Mara ya nne hakusoma. Alianza kulia. Mchana shuleni walipika supu ya nyama na maharage, pamoja na mkate mtamu wa mdalasini. Hicho ndicho chakula ambacho Lindy hukisubiri wiki nzima. Siku hiyo hakukigusa.

Aliporudi nyumbani alilala kitandani na koti lake.

"Kesho siendi," alisema. "Na Ijumaa siendi. Tumbo linaniuma."

Joleen alimshika paji la uso. Hapakuwa na homa. Alijua kabisa maumivu yale hayakutoka tumboni. Akakaa pembeni ya kitanda, na kwa mara ya kwanza akaogopa. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa analia siku za likizo, anataka shule. Leo shule imekuwa kitu cha kukimbia.

Saa kumi na moja jioni Joleen alikwenda kanisani. Jumatano kanisa lao la Kilutheri hupika chakula cha jioni kwa wote, na ilikuwa zamu yake ya viazi. Jikoni alimkuta mama Opal Brandt, ana kisu mkononi na aproni kiunoni. Mama Opal ndiye anayepiga kinanda kanisani. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa mahakama ya wilaya kwa miaka thelathini na moja. Joleen alifurahi kumwona. Alijiambia, huyu atanisaidia kumnyoosha mtoto.

Akamweleza yote huku wanamenya. Mama Opal alisikiliza, viazi vinadondoka kwenye sufuria kimoja kimoja.

"Sasa, mama Opal, Lindy anakupenda. Njoo umwambie aseme tu yaishe."

"Mimi?" Mama Opal aliweka kisu chini. "Mwanangu, mimi simwambii hivyo."

"Kwa nini? Wewe si unamwamini Mungu?"

"Namwamini usiku na mchana. Ndiyo maana sitaki jina lake lilazimishwe kinywani mwa mtoto anayelia. Kiapo cha kulazimishwa kina faida gani kwa Mungu? Kwa bendera yenyewe, kina faida gani?"

Joleen aliacha kumenya. Hakutegemea jibu hilo.

"Tena si mimi tu ninayesema," mama Opal aliendelea. "Ni sheria. Mwaka elfu moja mia tisa arobaini na tatu, vita kuu ya dunia inawaka, kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi. Watoto wa Mashahidi wa Yehova walikuwa wamefukuzwa shule kwa kukataa kuisalimu bendera. Imani yao hairuhusu. Unajua majaji waliamua nini? Shule ya serikali haiwezi kumlazimisha mtoto kuisalimu bendera wala kukisema kiapo. Wakati wa vita, Joleen! Vijana wetu wanakufa huko, na bado mahakama ikasema hivyo."

"Wakati huo maneno 'chini ya Mungu' yalikuwemo?"

"Wala. Mzee Milo kasema kweli. Kiapo kiliandikwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na hayakuwemo. Yaliongezwa mwaka hamsini na nne, tulipokuwa tunawaogopa Wakomunisti. Wao walisema hakuna Mungu, basi sisi tukataka kuonyesha kwamba sisi si kama wao."

"Kwa hiyo unataka yaondolewe?"

"Nani kasema? Kuna watu walikwenda mahakamani yaondolewe. Hawakufanikiwa. Maneno yapo, na mimi nayasema kwa sauti kubwa, unanijua. Anayetaka, aseme. Asiyetaka, anyamaze. Anayetaka kukaa, akae. Anayetaka kusimama kimya, asimame. Mradi asiwasumbue wenzake. Hata kanuni ya jimbo letu imesema hivyo. Shule lazima itenge muda wa kiapo kila siku. Mtoto halazimiki kushiriki."

"Hata bila barua ya mzazi?"

"Yako majimbo yanayodai barua. Letu halidai. Na shule za binafsi zina taratibu zao, hizo ni habari nyingine. Ya Lindy ni ya serikali."

Joleen alichukua kiazi kingine. Akakimenya mpaka kikabaki kidogo sana.

"Lakini, mama Opal, tukienda hivi, si tutamfukuza Mungu shuleni?"

Mama Opal akaangua kicheko. "Weee! Mungu gani huyo anayefukuzwa na mtoto wa miaka kumi akinyamaza? Wangu mimi ana nguvu zaidi ya hapo. Hebu lete hicho kiazi kabla hakijaisha."

Joleen naye akacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. "Watu watasema nimelea mpagani."

"Watasema. Wakichoka watanyamaza. Lakini ngoja, nikwambie na upande wa pili. Lindy naye kakosea jambo moja."

"Lipi?"

"Alikuwa anaongoza. Anayeongoza anaongoza wote. Wapo watoto waliotaka kuyasema maneno hayo, na yeye akawakatia njia. Kunyamaza ni haki yake. Kubadilisha kiapo cha wenzake kwa kipaza sauti si haki yake. Kama hawezi kukiongoza kilivyo, ampishe mwenzake. Shule ina haki kumpa mtu mwingine zamu hiyo. Haina haki kumwadhibu kwa kunyamaza."

"Sasa nifanye nini?"

"Kesho nenda kwa Bwana Stroud. Usiende na hasira, mwenyewe si mtu mbaya. Mwombe muisome kanuni pamoja, yote, mpaka nukta ya mwisho. Asiposikia, mwandikie barua fupi. Asiposikia tena, bodi ya shule inakutana kila mwezi mbele ya watu wote. Mwananchi yeyote anapewa dakika tatu za kusema. Nitakuja kukaa karibu na wewe, na kofia yangu ya Pasaka."

Joleen alirudi nyumbani na sufuria ndogo ya supu. Lindy alikuwa ameketi kitandani. Mzee Milo alikuwa kwenye kiti, wanacheza karata.

"Lindy," Joleen alisema, "jana nilikuambia uchezeshe midomo. Nilikosea. Nilikufundisha kudanganya kwa sababu niliona aibu. Nisamehe, mwanangu."

Lindy aliziweka karata chini. "Umekasirika kwamba bado nafikiri?"

"Nimeumia kidogo. Sijakasirika. Wewe endelea kufikiri, mimi nitaendelea kukuombea. Hakuna anayemzuia mwenzake." Kisha akamweleza yote aliyosema mama Opal, na upande wa pili pia.

Lindy aliinamisha kichwa. "Hilo la wengine sikulifikiria. Paige alinikasirikia. Aliniambia nimemharibia."

"Basi kesho mwambie pole. Kula supu."

Alikula mabakuli mawili.

Alhamisi saa mbili kamili asubuhi Joleen na Lindy walikuwa ofisini kwa Bwana Stroud. Joleen hakuzoea kubishana na wakubwa. Ukutani, juu ya meza ya mwalimu mkuu, palikuwa na karatasi ndani ya fremu. Ilikuwa kanuni ya kiapo. Bwana Stroud aliionyesha kwa kidole hata kabla ya salamu kuisha.

"Bi. Vondra, mimi sijatunga. Soma mwenyewe. 'Kila shule itatenga muda wa kiapo kila siku ya masomo.' Hiyo ni kanuni."

"Nimeiona, mwalimu. Inaendelea wapi?"

"Inaendelea?"

"Naona chini pameandikwa 'ukurasa wa kwanza.' Ukurasa wa pili uko wapi?"

Bwana Stroud akaitazama fremu kama ndiyo kwanza anaiona. Fremu ile aliikuta ilipo alipoanza kazi, miaka saba iliyopita. Yeye na walimu wake wote waliisoma kila siku walipoingia pale. Hakuna aliyewahi kuuliza ukurasa wa pili. Alifungua kabati, akatoa faili nene, akalamba kidole, akafunua. Akasoma kimya. Kisha akasoma tena kwa sauti, polepole.

"Kushiriki ni kwa hiari. Asiyeshiriki aruhusiwe kukaa au kusimama kimya. Aheshimu haki ya wale wanaoshiriki." Akavua miwani. "Hebu nisubirini."

Alipiga simu kwa mwanasheria wa shule. Walimsikia akisema "ndiyo" mara tatu na "nimeelewa" mara mbili. Mazungumzo hayakufika dakika nne. Aliporudisha simu mezani, masikio yake yalikuwa mekundu.

"Bi. Vondra, nilidhani nalinda heshima ya wazee. Baba yangu alizikwa na bendera hiyo juu ya jeneza."

"Nakuelewa, mwalimu. Na baba mkwe wangu alipigana. Yeye anasema alikwenda vitani ili watoto wasilazimishwe."

Bwana Stroud aliitikia kwa kichwa polepole. Halafu akafanya jambo ambalo Joleen hakulitarajia. Alitoka nyuma ya meza, akavuta kiti kidogo, akakaa mbele ya Lindy.

"Lindy, nilikukosea. Sikuwa na haki ya kukuweka ndani wala kukulazimisha. Nisamehe."

Lindy alimtazama mama yake, kisha mwalimu. "Na mimi nilikosea, Bwana Stroud. Nilikuwa naongoza watu wote, nikawarukisha. Paige alitaka kusema."

"Basi kesho nani aongoze?"

"Paige. Anajua yote, na sauti yake inasikika mpaka kwenye basi."

Bwana Stroud alicheka. "Hilo nalijua. Na wewe je? Unataka kubaki darasani?"

"Hapana! Babu yangu anakuja. Nataka kusimama karibu naye. Nitasema ninayoyaamini, mengine nitanyamaza."

"Ruhusa," alisema Bwana Stroud.

Asubuhi hiyohiyo, kabla ya kengele ya kiapo, aliwaandikia walimu wote barua fupi. Ilisema kwamba kiapo kitaendelea kila asubuhi kama kawaida. Ilisema pia kwamba mtoto asiyetaka kukisema, au asiyetaka kusema sehemu fulani ya kiapo, asilazimishwe, asiadhibiwe, na asitakiwe kueleza sababu mbele ya wenzake. Na watoto wenzake wasimcheke. Alipeleka nakala kwa wazazi. Ukurasa wa pili ukaingia kwenye fremu.

Sitasema kila mtu alifurahi. Jioni simu ya Bwana Stroud iliita mara kumi na moja. Mzazi mmoja alimwambia nchi inaangamia. Mwanamke mmoja dukani alimgeuzia Joleen mgongo kwenye rafu ya maziwa. Lakini yupo pia mama mmoja aliyemsimamisha Joleen kwenye maegesho ya duka hilo. Alikuwa Shahidi wa Yehova. Mwanawe wa kike alikuwa darasa la kwanza.

"Kila asubuhi alikuwa anajificha chooni mpaka kiapo kiishe," mama huyo alisema. "Leo amekaa kwenye kiti chake. Mwalimu hakusema kitu. Asante."

Joleen hakujua kabisa habari za mtoto huyo. Alimshika yule mama mkono, na maziwa yakasahaulika.

Ijumaa ukumbi wa michezo ulijaa. Wazee walikaa mbele kwenye viti vya kukunja, na kofia zao za jeshi. Mzee Milo alikuwa wa tatu kutoka mlangoni. Lindy alisimama upande wake wa kulia. Joleen, aliyeomba ruhusa ya saa moja kazini, alisimama nyuma yao, na vumbi la mahindi bado liko kwenye viatu vyake.

Paige alishika kipaza sauti. Watu wote wakainuka. Mikono ikaenda vifuani. Sauti mia tatu zikaanza pamoja, za wazee zikiwa nzito na za watoto nyembamba. Joleen aliapa pamoja nao. Alikuwa amekisema kiapo hicho maelfu ya mara, huku akifikiria chakula cha mchana, au mvua, au malori. Leo alikuwa anakisikiliza neno kwa neno.

"Taifa moja," Paige alisema.

Joleen alimtazama binti yake. Mkono wa Lindy ulikuwa kifuani. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Haikuchezeshwa, haikumdanganya mtu. Joleen akavuta pumzi.

"Chini ya Mungu," alisema Joleen. Aliyasema kwa sababu aliyataka, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotegemea, mpaka mama Opal akageuka kutoka upande wa pili wa ukumbi. Lindy alisubiri mama yake amalize. Kisha wakaendelea wote wawili pamoja mpaka mwisho.